Idi Tuliyopunga Majini wa Kijuju

Mtoto wa ami yangu alitua kutoka Maskati siku chache kabla ya Idi, Septemba 2009. Alipomaliza shikamoo za wakubwa na kuulizwa habari za ndugu wote wa huko, mmoja mmoja, aliburuta begi lake hadi chumba cha wavulana, akafunga mlango, akatoa kanzu iliyofungwa fundo. Ndani ya kanzu mlikuwa na PlayStation 3, mashine ya gemu, PS3 kwa kifupi.

Ngamiani kwetu, Tanga, kitu hicho tulikuwa tukikisikia tu. Mabanda ya gemu ya mtaani yalikuwa bado na PS2, zile za kabla yake, tena zilizochipiwa, na sidii za kuchoma, na pedi ambazo kijiti cha kushoto kimelegea kwa sababu ya mpira. Karibu kila aliyeingia bandani aliingia kucheza mpira. Sisi wachache tuliokuwa tukiomba tuwekewe Resident Evil 4 tulisubiri mpaka wateja wapungue, maana mwenye banda alidai gemu ile inamfukuzia watoto. Na kweli ilifukuza. Ile ya mwaka 2005 imewekwa kwenye kijiji cha Uhispania ambacho wenyeji wake wameingiwa na vidudu mwilini, wanakuandama na mashoka na miundu ya kufyekea, mmoja kavaa gunia kichwani ana msumeno wa injini, na wote wanapayuka Kihispania. Hatukuelewa wanachosema. Zilikuwa kelele tu, na kelele usizozielewa zinatisha kwa namna yake.

Runinga yetu ya nyumbani ilikuwa ya kichogo, inchi 21, na PS3 haikutengenezwa kwa ajili ya runinga kama ile. Tulichomeka nyaya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, tukaweka stabilaiza katikati kwa kuwa umeme wa siku zile ulikuwa haueleweki, na picha ikatoka. Maandishi ndiyo yaliyokataa. Ukitaka kujua umebakiwa na risasi ngapi, ilibidi usogee mpaka pua ikaribie kugusa kioo.

Tulianza usiku wa Idi pili, wageni walipokwisha kuondoka. Bibi alikuwa ukumbini upande wa pili wa pazia, kakaa mkekani anasuka ukili. Binamu alitia diski ya Resident Evil 5, iliyokuwa imetoka Machi mwaka huohuo, akanipa pedi ya pili.

“Wewe utakuwa Sheva,” akasema. “Na usikilize vizuri.”

Sikujua nisikilize nini.

Gemu inaanza mchana kweupe. Hilo peke yake lilinishangaza, kwa sababu gemu za kutisha nilizozijua zilijificha ndani ya ukungu na giza. Chris Redfield, Mmarekani mwenye mikono kama ya kuli wa bandarini, anashuka kwenye gari katika mji wa kubuni uitwao Kijuju. Jua linawaka mpaka macho ya anayecheza yanauma. Kuna vumbi, mabati, vibanda vya mbao, mapipa. Sheva Alomar anampokea, wanaingia mtaani kwa miguu, na watu wanawakodolea macho. Pembeni wanaume wanapiga gunia lililolala chini, na ndani ya gunia kuna kitu kinafurukuta. Ukikaribia wanaacha, wanakutazama. Hakuna anayekushambulia. Unapita, unageuka, bado wanakutazama. Muuza nyama mmoja, ambaye ni mtu wao wa siri, anawaingiza buchani kwake na kuwapa silaha. Wakitoka bucha, mtaa mzima hauna hata mtu mmoja.

Hapo nilikuwa nimeshaogopa, na risasi ya kwanza bado haijalia. Mitaa ile ningeweza kuielekeza kwa mgeni: pale kwa fundi baiskeli, pale kwa muuza mkaa, kata kulia. Kijiji cha Uhispania nilikiogopa kwa kuwa sikijui. Kijuju nilikiogopa kwa kuwa niliona ni mtaani kwetu saa nane mchana, wakati watu wamelala.

Kisha, ndani ya nyumba moja, tukamkuta mtu amebanwa chini, anasukumiwa kitu kilicho hai kinywani. Akainuka si yeye tena. Wenzake wakatokea mlangoni, madirishani, juu ya ukuta, na wakaanza kuongea.

Kwa Kiswahili.

Kilikuwa na lafudhi ya ajabu, cha mtu ambaye hajawahi kubishana bei ya samaki hata siku moja, lakini kilikuwa Kiswahili. Binamu alisitisha gemu akajitupa kitandani kwa kicheko. Alikuwa amekibana kicheko hicho tangu Maskati. Kule, alisema, rafiki zake Waarabu walikuwa wakimwita usiku aende akawafasirie mazimwi wanasema nini, na yeye alikuwa akiwaongezea chumvi: anawaambia huyu anauliza kodi ya nyumba, yule anadai deni lake.

Ndani ya gemu wenyewe wanaitwa Majini, hivyohivyo. Waliowatengeneza ni Capcom, kampuni ya Osaka, Japani, na Kijuju chao wamekiweka Afrika Magharibi. Kiswahili kilifika vipi huko, waulizwe wao. Nadhani walitaka lugha ya Afrika na hii ndiyo iliyokuwa karibu na mkono.

Nyuma ya pazia sauti ya bibi ikasikika: “Nani huyo anayegomba? Mwambieni aingie ndani. Watu hawagombani barazani siku za Idi.”

“Ni TV, bibi.”

“TV gani inayofokea watu hivyo?”

Kicheko kilitufikisha mpaka kwenye uwanja, kikaishia hapo. Walioicheza gemu hiyo wanajua ninachosema. Unachungulia dirishani, chini kuna umati, mtu mwenye kipaza sauti anahutubia kutoka juu, na yule muuza nyama aliyewapa silaha analetwa mbele amekamatwa. Jitu limefunikwa kichwa, mwili una misumari, limebeba shoka ambalo mtu wa kawaida asingeliinua. Shoka linashuka. Halafu mwenye kipaza sauti anawaonyesha wenzake dirisha mlipo.

Kuanzia hapo huendi kokote. Lango limefungwa, unatakiwa uishi tu mpaka helikopta ije. Wanavunja madirisha, wanaruka ua, wanapita juu ya mabati, na lile jitu linabomoa ukuta ambao ulikuwa umeuegemea ukidhani umesalimika.

Mkicheza wawili, kioo kinakatwa vipande viwili vya kulala: cha juu kimesogezwa upande mmoja, cha chini upande wa pili, na panapobaki ni peusi. Kwenye inchi zetu 21 kila mmoja alibaki na kidirisha. Nilikuwa nikisikia majini wawili na kuona nusu ya mmoja.

Halafu kuna habari ya miguu. Katika gemu hii, kama ilivyokuwa ile ya nne, ukiinua bastola kulenga, miguu inaganda. Huwezi kutembea huku unapiga. Wakati ule watu waliilalamikia sana, wakasema imepitwa na wakati, mbona gemu nyingine mtu anakimbia na anapiga. Mimi nasema utisho wote umekaa hapo. Kila risasi ni uamuzi wa kusimama mahali ambapo akili inakuambia uondoke. Watatu wanakuja, umemlenga wa kwanza, na unajua kabisa kwamba kuna wa nne nyuma yako, lakini ukishusha mkono ugeuke, wa kwanza anafika. Ukimpata ya goti anapiga magoti. Ukimpata ya kichwa anapepesuka. Na hapo, badala ya kumaliza risasi nyingine, unamkimbilia unamtandika ngumi, au teke kama wewe ni Sheva, na mwenzako akiwahi anampokea na la kwake. Ndiyo raha yenyewe. Unatishwa mpaka basi, halafu unapewa nafasi ya kulipiza kwa mkono.

Na mkoba nao. Kila mchezaji ana vijumba tisa tu vya kuwekea vitu, na ukiufungua gemu haisimami. Majini wanaendelea kuja huku wewe unatafuta jani la dawa. Risasi zangu ziliisha mapema. Binamu alikuwa nazo, ila ili akupe inabidi muwe karibu.

“Nipe risasi!”

“Njoo huku!”

“Siwezi kuja, lipo mlangoni!”

“Basi pita dirishani!”

Nikapita dirishani, nikaangukia miguuni pa jitu. Ukipigwa vibaya hufi papo hapo: unayumba, moyo unadunda, na mwenzako ana muda mfupi wa kukufikia akuinue. Binamu alikimbia. Alikimbilia upande usio wake, kwa kuwa kwenye kidirisha chake nyumba zote zilifanana. Maandishi mekundu yakatokea, hayo yalisomeka: tumekufa. Tukaanza upya. Katikati ya jaribio lililofuata umeme ukashuka kidogo na stabilaiza ikalia “ta!”, na sote wawili tukaruka kitandani kuliko tulivyomrukia jini yeyote.

Ndipo bibi akaingia, ukili mkononi, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alitazama kwa muda bila kusema kitu, vidole vikiendelea kusuka.

“Mume wangu, wewe ni yupi hapo?”

“Yule mwanamke, bibi.”

“Haya.” Akasuka kidogo. “Na hiyo milango mnaipiga mateke kwa nini? Hodi hamna?”

Tulimweleza kwamba wenye nyumba wamegeuka majini. Akakaza macho kwenye lile jitu, akatikisa kichwa.

“Hao si majini. Jini lina haja gani na shoka?”

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Jina ni la kijini, lakini gemu yenyewe inaeleza kila kitu kwa vimelea na virusi na kampuni ya dawa yenye tamaa, wala hakuna pepo hata mmoja ndani yake. Mimi naona ndiyo sababu saa za mwisho zinapoa. Ukishaambiwa ni mdudu wa maabara, na majini wenyewe wakishaanza kushika bunduki na kujificha nyuma ya kuta kama askari, unabaki na vita ya kawaida, nzuri, lakini ya kawaida. Inafikia mahali Chris anapiga jabali ngumi ndani ya volkano, sina la kuongeza. Uwanja wa Kijuju haukuwa na maelezo bado, na ndiyo maana unakumbukwa.

“Yule mchinja nyama aliyewapa bunduki,” bibi akaendelea, kumbe alikuwa akifuatilia yote kwa masikio tangu ukumbini, “yuko wapi?”

“Wamemuua.”

“Na nyinyi mlikuwa dirishani mnatazama.”

Binamu alianza kumfafanulia kwamba sehemu ile ni ya kutazama tu, pedi haifanyi kazi. Bibi hakuwa na shughuli na pedi. Akauliza lingine, taratibu, kama anayeuliza chumvi imetosha: “Na hao mnaowapiga, mbona ni watu wa kwetu?”

Swali hilo lilikuwa na umri wa miaka miwili tayari. Trela ya mwaka 2007, iliyomwonyesha Chris peke yake akiwafyatulia risasi wanakijiji weusi, ilizua malalamiko makubwa huko Marekani na Ulaya. Gemu ilipotoka, Sheva alikuwepo, na katika umati walichanganywa watu wa rangi nyingine. Kuna waliosema inatosha na kuna waliosema ni kiraka. Mimi nadhani ni kiraka, na nadhani pia ni gemu tamu, na mambo hayo mawili yamekaa pamoja kichwani mwangu miaka yote hii bila kugombana sana. Kinachonikera ni kingine: walipata taabu ya kuwatia majini lugha ya watu halisi, lakini ndani ya mji ule hukutani na mtu mzima wa akili, mwenyeji, anayeitumia lugha hiyo kukuuliza umekula nini.

Bibi hakusubiri jibu. Alipasua mwaa mwingine kwa meno, akasema tukimaliza tuzime taa ya uani, akatoka.

Jaribio lile tulilifaulu. Binamu alibaki juu, mimi chini, tukaacha kutafutana na tukawa tunaelekezana kwa sauti tu: kushoto, juu ya bati, nyuma ya pipa. Risasi nilizipata kwenye masanduku. Jitu hatukuliua, tulilizungusha tu uwanja mzima. Helikopta ilipokuja na kulilipua lango tulipiga ukelele, na ilikuwa imeshapita saa sita usiku.

Asubuhi jirani yetu alikuja kurudisha sinia la Idi. Nilikuwa uani napiga mswaki, nikamsikia anateremsha sauti.

“Shoga, jana mlikuwa na uganga? Nimesikia watu wanapunga mpaka usiku wa manane.”

“Vijana,” bibi akamjibu. “Walikuwa wanapunga majini wa Kijapani.”

“Haya! Wametoka?”

“Wametoka,” bibi akasema, “kabakia mmoja tu, ana shoka.”