Siku moja maishani mwangu: kuuza mahindi bei ikiwa inapanda

Saa 11 alfajiri

Nalima mahindi na alizeti mkoani Dodoma, upande wa Kongwa unaopakana na Kiteto. Januari kwetu inakuja na mambo mawili kwa mpigo: shamba jipya linadai palizi, na mahindi ya mwaka jana yaliyobaki ghalani ndiyo yanaanza kutafutwa kwa pikipiki. Anayetafuta anajua kabisa kwamba nina vibarua wa kulipa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya siku ni simu. Nampigia shemeji anayeshusha mizigo soko la Kibaigwa, halafu dereva wa fuso anayelala Gairo, halafu kijana wa kijijini kwetu aliyehamia Dar es Salaam karibu na soko la nafaka la Tandale. Wote nawauliza maswali yaleyale. Hiyo bei imelipwa au imetajwa tu? Ni ya kilo au ya gunia? Gunia la debe ngapi? Mzigo ulikuwa wapi wakati unalipiwa, na usafiri alibeba nani? Nisipoyapata majibu yote, bei hiyo siiandiki daftarini, hata iwe nzuri namna gani.

Wizara ya Viwanda na Biashara nayo hutoa bei za jumla za masoko ya mikoani kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Nazifuatilia, maana zinaonyesha soko linaelekea wapi. Ila zile ni za gunia la kilo 100 likiwa limeshafika sokoni mjini, na zinakuja na bei ya chini na bei ya juu. Nafasi iliyopo kati ya hizo mbili yaweza kumeza faida yangu ya msimu mzima, kwa hiyo lazima nijue mimi nasimama wapi hapo katikati.

Leo asubuhi: Kibaigwa wamelipa 880 kwa kilo jana jioni, mahindi meupe, makavu, yaliyochekechwa. Wiki iliyopita ilikuwa 830.

Saa 1 asubuhi

Shambani. Mvua ya juzi imeshika vizuri, mahindi yamefika magotini na magugu hayako nyuma. Vibarua wameingia. Nawaacha na mwanangu wa kwanza, narudi nyumbani kufungua ghala.

Mahindi yangu nimeyahifadhi kwenye mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na wa kawaida nje. Ukiifunga vizuri hewa haiingii na dumuzi, mdudu anayetoboa punje, anakufa bila dawa. Mkulima asiye na hifadhi hana uamuzi wa kufanya. Dumuzi ndiye anayemwamulia, na kwa kawaida anamwamulia mapema, wakati bei bado iko chini. Watu wakizungumzia masoko huwa wanaruka hapa, wanakimbilia bei. Mimi naona bei inaanzia kwenye fundo la mfuko.

Nafungua mmoja, najaza konzi ya punje kwenye chupa kavu ya kioo, natia kijiko cha chumvi kavu, natikisa, naacha itulie. Chumvi yote imeshuka chini, hakuna iliyoganda kwenye kioo. Makavu. Chupa naiweka kibarazani, kwa sababu najua itahitajika.

Saa 3 asubuhi

Dalali kafika. Ni kijana wa tarafa yetu, tunajuana toka mdogo, ananiita shangazi.

"Mbukwenyi!" Tunasalimiana kwa Kigogo, anapewa chai, ndipo tunaingia kwenye habari.

"Shangazi, safari hii nimekuja na neema. Elfu tisini kwa gunia. Wiki iliyopita nilikupa themanini na mbili."

Hapa ndipo ninapotaka wakulima wenzangu tukae kidogo. Bei inapopanda, sisi tunailinganisha na ya wiki iliyopita. Mnunuzi anailinganisha na ya Dar es Salaam ya leo. Elfu nane za nyongeza zinatufurahisha mpaka hatuulizi huko mbele imeongezeka ngapi. Bei ikishuka kila mtu anakuwa mkali, anahoji, anagoma. Ikipanda tunalegea, tunashukuru, na ndipo tunapoachwa mbali zaidi, kwa sababu habari ya kupanda inamfikia mwenye gari saa ileile na inatufikia sisi baada ya siku kadhaa, ikiwa imeshakatwa kichwa na mkia.

"Gunia lipi, mwanangu?"

"Si ni hilihili letu la siku zote?"

Letu la siku zote ni lumbesa, debe saba, limeshonwa na kishungi juu. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na kila mwaka Wakala wa Vipimo wanapita wakikumbusha. Lumbesa bado ipo, kwa sababu kwenye gunia lisilopimwa kila mtu anaweza kutaja bei nzuri.

Kikundi chetu kilinunua mizani. Nikamwomba anisaidie kupandisha gunia moja alilotaka mwenyewe, lenye ujazo wa hilo la siku zote. Sindano ikasimama kwenye 122. Nikachukua simu, nikagawa mbele yake: 90,000 kwa 122 ni shilingi 738 kwa kilo.

Akaja na hoja ya pili, kwamba mahindi yana unyevu, kwa hiyo lazima akate kidogo. Nikamletea chupa. Akaitikisa, akaiangalia juani, akairudisha bila neno. Sokoni kikomo kinachotumika Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 ya unyevu, na kipimo chake cha kweli ni mashine. Chupa ya chumvi haikupi asilimia, lakini inatosha kuzuia mtu asikukate kwa macho.

Simchukii huyu kijana. Anazunguka kwenye tope, anakusanya gunia tatu hapa na tano pale, mizigo ambayo fuso haiwezi kuifuata moja moja. Kazi hiyo ina malipo yake halali. Ninachotaka ni kuona malipo hayo ni kiasi gani. Nikamwambia: bei yako ikija kwa kilo, na ukaniambia unalipwa ngapi Kibaigwa, tutaelewana. Akasema ataongea na bosi wake.

Saa 6 mchana

Mzee jirani kapita na fimbo yake. Ana gunia kama thelathini, na amesikia bei itafika elfu moja na mia mbili kwa kilo kabla ya Pasaka. Haya ndiyo maneno ya vijiweni bei inapopanda: wote wanasema subiri.

Nilimweleza ninavyoona, na yeye akanisikiliza kwa sababu ni mtu wa kusikiliza. Ni kweli Februari na Machi kwetu ni miezi ya uhaba. Lakini tunakumbuka yaliyotokea. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, na waliokuwa wameyashika wakingoja magari ya Kenya wakabaki nayo. Machi 2021 Kenya ikasimamisha kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Zuio halikudumu, ila aliyekuwa na mzigo njiani siku zile analijua joto lake. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 bei ilipopaa, NFRA, wakala wa Serikali wa hifadhi ya chakula, ikatoa mahindi ya akiba yauzwe kwa bei nafuu mijini. Mimi silaumu hilo, maana mlaji naye ana watoto. Nasema tu kwamba bei inayopanda polepole kwa miezi inaweza kukatwa kwa tangazo la siku moja, na mahindi ya vuli ya mikoa yenye misimu miwili yanaanza kuingia sokoni wakati huuhuu.

"Sasa niuze yote?"

Hapana, mzee wangu. Uza ya kulipia palizi na mbolea ya kukuzia. Ya chakula mpaka Juni usiyaguse. Yanayobaki yagawe mafungu, na kila fungu lipe sababu yake ya kuuzwa. Anayeuza yote leo amecheza kamari, na asiyeuza hata kilo naye amecheza.

Akauliza la sumukuvu. Nilifurahi kwamba ameliuliza yeye. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara, kwa hiyo kwetu hii ni habari ya misiba kabla ya kuwa habari ya soko. Mahindi yaliyoota ukungu hayauzwi, hayaliwi, na wala hayapewi kuku.

Saa 8 mchana

Kibaigwa. Nimekuja kwa bodaboda mpaka lami, kisha basi dogo, na sampuli kwenye mfuko. Soko liko kandokando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, na mahindi ya Kiteto na Kongwa mengi yanapita hapa kabla hayajaitwa mahindi ya mahali pengine.

Ukitaka kuelewa bei, simama karibu na mtu mwenye bambo, ile chuma ya kutolea sampuli. Anachoma gunia ubavuni, anavuta, punje zinateremka kwenye kiganja. Anazipuliza pumba, anang'ata moja, anazitawanya kwa kidole gumba: zilizovunjika huku, zilizotobolewa huku, zenye rangi huku. Sekunde chache tu, na tayari kajua gunia hilo ni la kinu cha sembe, la chakula cha kuku, au la kuvuka Namanga kwenda Kenya. Bei hizo tatu hazifanani. Mkulima aliyebaki kijijini anaambiwa moja tu, na mara nyingi ni ile ya chini.

Nimezunguka kwa wanunuzi bila kutaja bei yangu. Mwenye vinu vya Manzese anatoa 880. Wa chakula cha mifugo 810. Mnunuzi anayepeleka Nairobi anasema 900, lakini anataka mzigo uchekechwe upya hapa kwa gharama yangu, na atalipa ukishavuka mpaka. Hiyo ni mali kauli, unatoa mzigo kwa ahadi ya mdomo. Nilimshukuru nikaondoka. Tena anayesikia bei za Kenya akumbuke kwamba gunia lao ni kilo 90, asije akalinganisha gunia kwa gunia.

Hesabu nimeifanyia pale pale, nimekaa juu ya magunia. Kutoka 880 natoa usafiri 60, maana barabara ina tope na fuso zimepandisha. Kupakia na kushusha 15. Vifungashio 10. Inabaki 795 kwa kilo, nyumbani kwangu. Dalali alinipa 738. Tofauti ni shilingi 57, na kwa gunia arobaini za kilo 100 inakuwa 228,000. Hiyo inalipa sehemu nzuri ya palizi.

Ninachokililia miaka yote ni kitu kimoja. Mbaazi zinapouzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mzigo ghala la pamoja na kupewa stakabadhi, kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, mnada ni wa wazi: wakulima wanaona kila kampuni imetaka tani ngapi na kwa bei gani, ndipo wanakubali au wanakataa. Mfumo huo una malalamiko yake, malipo yakichelewa hasa, na haukingi bei isianguke. India ilipobana mbaazi mwaka 2017 sote tuliumia. Lakini angalau bei inaonekana na watu wote kwa wakati mmoja. Mahindi, chakula cha nchi nzima, bado yananong'onwa sikioni. Sitaki yalazimishwe mnadani. Nataka pale mlangoni pa soko uwepo ubao: bei iliyolipwa leo kwa kilo, ya daraja gani, saa ngapi, mzigo unakwenda wapi.

Saa 10 jioni

Nimekubaliana na mwenye vinu: gunia arobaini, kilo 100 kila moja kwa mizani ya soko, 880, pesa iingie kwenye simu na benki kabla gari halijashushwa lote. Akajaribu 870 kwa kisingizio cha wingi wa mzigo, nikamwonyesha sampuli tena, tukarudi palepale. Fuso inakuja kesho mapema, mvua ikiturehemu.

Gunia nyingine sitini zinabaki. Ishirini ni chakula na akiba. Ishirini nitazitazama mwezi wa pili katikati. Ishirini za mwisho nazishika mpaka nione shamba hili jipya linaendaje, kwa sababu mvua ikikata, nitayahitaji mahindi kuliko pesa.

Saa 1 usiku

Kikundi tumekutana ofisi ya kijiji, wachache, wengine wamechoka na jembe. Nimeandika kwenye ubao wetu: Kibaigwa, leo saa 8, mahindi meupe makavu, 880 kinu, 810 mifugo, mpaka kijijini toa 85. Dalali kijijini, 90,000 kwa gunia la kilo 122, sawa na 738. Katibu ameipiga picha akaituma kwa vijiji vya jirani.

Mama mmoja akauliza kama dalali hatakasirika kuandikwa. Kijana mwenyewe alikuwa mlangoni. Alisema bosi wake amekubali 770 kwa kilo, kwa mizani yetu, gari lake lije mpaka kibarazani. Nikaiandika nayo, chini ya zile nyingine, na saa yake. Kwa mwenye gunia tatu asiyeweza kukodi gari, hiyo ni bei ya kufikiria.

Mzee jirani amenipigia nikiwa nafunga mlango: anaweka gunia zake kumi kwenye fuso langu. Nimemwambia apime usiku huuhuu, na kila gunia aliandike uzito wake kabla gari halijafika.