Nilisema Ninakuombea

Jumanne ya wiki iliyopita, usiku, dada mmoja tunayefahamiana mtandaoni tu aliandika kwamba mwanawe amelazwa. Nilikuwa napiga mswaki huku simu iko mkono wa pili. Nikaandika, "Pole sana mpendwa, ninakuombea," nikaongeza na ile mikono iliyounganishwa, nikapita. Sikumwombea usiku huo wala kesho yake. Kusema kweli nilimsahau.

Leo amenitumia ujumbe faraghani. Mtoto ametoka hospitalini, na anasema maombi yetu ndiyo yaliyomshika mkono. Akanitaja kwa jina. Nimeusoma mara nne, nikitamani ungekuwa wa mtu mwingine.

Kwenye wasifu wangu neno la kwanza kabisa ni "Mkristo". Nimeliandika mwenyewe. Leo nimefungua Matendo ya Mitume 11, pale wanafunzi wanapoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza huko Antiokia. Waliitwa. Jina hilo limo mara 3 tu katika Agano Jipya lote, na mara moja kati ya hizo linatoka kinywani mwa Agripa, mfalme ambaye hata hakuwa mwamini. Mimi sikungoja mtu aone chochote kwangu.

Tena ni huko huko Antiokia ambako Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, vizuri tu, hadi walipofika wageni Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Akawaogopa, akajitenga. Barnaba naye akachukuliwa na unafiki huo. Paulo akamkabili Petro uso kwa uso. Habari hiyo imo Wagalatia 2. Zamani nilimwona Petro mwoga. Siku hizi namhurumia, maana wageni wake angalau walikuja na siku zao. Wangu hawaondoki. Nikishika simu niandike jambo, wote wapo: kina mama wa maombi, wenzangu wa kazini, mchungaji, na yule binamu asiyeamini chochote. Asubuhi naweka mstari wa Biblia kwa ajili ya wale. Mchana naweka vichekesho kwa ajili ya hawa, na kina mama nimewazuia wasivione. (Ndiyo, nilichagua jina kwa jina nani aone nini. Ilinichukua jioni nzima.)

Mtu anaweza kuniambia hiyo ni busara tu, kwani hata nyumbani hatusemi na mkwe kama tunavyosema na mtoto. Nakubali. Vichekesho havininyimi usingizi. Lakini mkwe simwambii nimefanya jambo ambalo sijalifanya. Lile "ninakuombea" halikuwa suala la kuchagua lugha ya kuongea na nani. Ilikuwa ni taarifa, na haikuwa ya kweli, na kuna mama aliyeiegemea akiwa kando ya kitanda cha mwanawe.

Jioni hii nimeingia chumbani nikafunga mlango, kama ilivyoagizwa katika Mathayo 6, nikamtaja yeye na mtoto. Nimechelewa siku 9, na mtoto keshapona, sikujua hata niombe nini. Nikashukuru. Nilikaa kama dakika tano hivi. Kabla sijasema amina nikajikuta napanga sentensi za kuandika hapa.

Ujumbe wake bado sijaujibu.