Kumbukumbu ya mradi: Debian kwa waya, darasa la kompyuta Majengo, Moshi

Jumatatu

Kazi ni kusakinisha Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kwenye mashine zote kupitia waya wa mtandao. Darasa lina kompyuta 14 za mezani, zote mtumba, hazina DVD. Pamoja na ruta na laptopu ya seva, swichi ya milango 16 imejaa. Kutembeza flashi kunawezekana, ila kila mashine itashusha vifurushi vilevile vya programu na bando litakwisha mapema. Kwa hiyo laptopu (192.168.1.10, Debian 12) imewekewa dnsmasq (hutaja na kutuma faili la kuanzia), nginx (seva ya wavuti) na apt-cacher-ng (hutunza vifurushi vilivyokwisha kushushwa).

Kikwazo ni ruta. Inagawa anwani za IP yenyewe, na menyu yake haina mahali pa kutaja seva wala faili la kuanzia, ambavyo mashine inayowashwa kwa mtandao huvihitaji. Wengi hukimbilia kuwasha DHCP (huduma ya kugawa anwani) ya pili. Hapo wagawaji wanakuwa wawili, na anwani zinaanza kugongana hadi ofisi ya jirani. Mwache ruta agawe anwani, dnsmasq itaje faili tu:

```
port=0
dhcp-range=192.168.1.0,proxy
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp
pxe-service=x86PC,"Debian",pxelinux
```

Faili lenyewe ni pxelinux.0, lakini hiyo .0 dnsmasq huiongeza yenyewe. Fungua netboot.tar.gz ya Debian (faili za kuwasha kwa mtandao) ndani ya /srv/tftp, folda ya TFTP, yaani njia ya kutuma faili hizo. Kwenye ukuta wa moto ruhusu milango ya UDP 67, 69 na 4011. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika.

Jumatano

Mashine zinawashwa kwa F12 ili zianze kwa mtandao (PXE). Zinapogoma, namba kwenye skrini inatosha kukuonyesha pa kushika. PXE-E51: hakuna aliyejibu ombi la anwani, kagua waya na swichi. PXE-E53: anwani imepatikana, jina la faili halijaja, yaani dnsmasq imelala au imezuiwa. PXE-E32: jina limefika, TFTP haijibu.

Kero kubwa haikuwa mtandao bali betri za CR2032 zilizokufa kwenye ubao mama. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka mingi, sahihi za vifurushi zinaonekana zimetoka siku zijazo, na usakinishaji unakataa kuendelea. Ujumbe wa kosa unalalamikia hifadhi ya vifurushi, hautaji saa hata kidogo. Mpangilio wa kuwasha kwa mtandao nao unafutika. Badilisha betri zote kwanza, panga tarehe kwenye BIOS (programu ya ubao mama), ndipo uendelee.

Ijumaa

Majibu ya maswali yote ya usakinishaji yako kwenye preseed.cfg, inayotolewa na nginx. Kwenye mstari wa kuwasha ongeza:

```
auto=true priority=critical url=http://192.168.1.10/preseed.cfg
```

Ndani yake, mstari wenye faida kuliko yote ni huu, unaopitisha vifurushi vyote kwenye apt-cacher-ng:

```
d-i mirror/http/proxy string http://192.168.1.10:3142/
```

Sakinisha mashine moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine. Hiyo ndiyo inayokula bando. Zinazofuata zinachukua kwenye laptopu. Hata umeme ukikatika katikati, unaanza upya bila kulipia tena. Neno la siri liandike likiwa limefumbwa, maana faili hilo anaweza kulisoma yeyote aliye kwenye mtandao huo. Na chomoa flashi zote: ukitaja /dev/sda (diski ya kwanza) kuwa pa kusakinisha, flashi inaweza kuchukua jina hilo na ikafutwa yenyewe.

Mtego mwingine: mashine ikimaliza inajiwasha, inarudi kwenye mtandao, inajifuta na kuanza upya, kama mbuzi anayezunguka kigingi. Katika pxelinux.cfg/default weka diski iwe chaguo la kawaida:

```
DEFAULT diski
TIMEOUT 100
LABEL diski
  LOCALBOOT 0
```

TIMEOUT huhesabu sehemu za kumi za sekunde, hivyo 100 ni sekunde 10. BIOS ikikwama hapo, jaribu -1. Mashine ya kusakinishwa ipewe faili lake la kuanzisha usakinishaji, lenye jina la MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), herufi ndogo na vistari, likitanguliwa na 01, mfano 01-00-1e-4f-aa-bb-cc. Ikimaliza, lifute.

Zimebaki mbili za UEFI (mrithi wa BIOS). Hizo hujitambulisha kama aina 7, si 0, na pxelinux.0 haizifai, zinahitaji mstari wao wa X86-64_EFI na faili la bootnetx64.efi. Zinafuata baada ya betri kununuliwa.