Dakika kumi baada ya zamu

Juzi usiku tulimpoteza mama mmoja, wodi ya wazazi. Damu ilikataa kusimama. Tulihangaika naye mpaka saa kumi alfajiri, na nusu saa baadaye nilikuwa kitanda cha pili nampokea mtoto wa mwingine, natabasamu, nasema "hongera mama". Ndivyo tulivyozoeshwa: mkunga halii mbele ya wagonjwa. Miaka tisa nimekwenda hivyo, halafu nikifika nyumbani nawafokea wanangu kwa kijiko kilichoanguka.

Safari hii sista inchaji wetu mpya, baada ya kukabidhi zamu, alifunga mlango wa chumba cha chai akatukalisha wote, hadi dada wa usafi, maana ndiye aliyeifuta ile damu. Hakutafuta nani kakosea. Aliuliza tu, "Mioyo yenu iko wapi asubuhi hii?" Daktari kijana aliye mafunzoni akaanza kulia. Nami nikalia. Dakika kumi, na chai ya rangi. Kisha akampangia yule kijana mapumziko ya siku mbili.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kuishiwa nguvu na moyo wa kazi, kwa Kiingereza "burnout", kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa. Wa kazini, jamani. Basi na dawa yake ianzie kazini: watu wa kutosha usiku, na mtu wa kutuuliza.

Naingia tena leo saa mbili usiku. Nimemtumia daktari wetu ujumbe. Amejibu kwamba hatimaye amelala.