Hita ya gesi iliyogoma Julai, Njombe

Njombe mwezi wa saba maji ya bomba hayaogeki. Hita yetu ya gesi iligoma asubuhi moja, mama mkwe akiwa amefika kwa basi jana yake tu. Nilimkuta mlangoni pa bafu, kanga mbili mabegani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Maji yenu nayo yameamkaje, mwanangu?”

Nikaelewa.

Hita tumeifunga nje, chini ya paa. Fundi aliyeifunga alitaka iwe bafuni ili aokoe bomba, nikakataa. Moshi wake unaweza kuwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na bafu lililofungwa madirisha kwa sababu ya baridi huwa kaburi.

Nikamwomba shemeji afungue maji ya moto, mimi nikasimama kwenye hita nikisikiliza. Kimya. Hita hii haina moto mdogo unaokaa ukiwaka. Maji yakipita yanasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinabonyeza swichi, kisha betri mbili kubwa, zile za redio, zinatoa cheche na kufungua vali ya gesi. Pasipo hata mlio wa cheche, gesi bado si mshtakiwa. Fundi niliyempigia simu alisema ninunue mtungi mpya. Nikamshukuru, nikakata.

Betri moja ilikuwa imevuja, bati lake limeota kutu ya kijani. Nikasugua kwa msasa, nikaweka betri mpya. Ta-ta-ta, kisha kimya tena. Tangi letu limeizidi hita kimo kwa mita 3 hivi, yaani presha ya maji ya bar 0.3 tu, na hiyo ikipungua kidogo kiwambo hakisukumwi vizuri. Nikafunga koki, nikafungua nati ya maji yanapoingia. Chujio lilikuwa limejaa mchanga na utelezi wa kijani. Tangi hatujaliosha tangu lipandishwe, aibu yangu. Mswaki wa zamani ulitosha.

Sasa ikawaka. Baada ya sekunde chache ikazima. Ikawaka, ikazima.

Hapa nilipoteza saa nzima. Nilipaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya mpira wa gesi: hakuna hata kiputo kimoja. Nikatikisa mtungi, mzito. Mwishowe nikafunga gesi, nikatoa mfuniko. Mbele ya matundu ya moto zipo sindano mbili. Moja hurusha cheche. Ya pili mimi naiita shahidi. Ikiguswa na moto hupitisha umeme kidogo mno, na saketi hupata habari kuwa moto upo. Shahidi asipojitokeza, vali inafungwa. Wa kwetu alikuwa amevaa masizi na utando wa buibui. Nikamsugua taratibu kwa msasa laini, asipinde.

Nilipaswa kungoja dakika kadhaa gesi ya majaribio yangu itawanyike. Sikungoja. Hita iliwaka kwa kishindo, puu! Vinyweleo vya mkono wa kulia vikaondoka. Lakini haikuzima tena.

Mama mkwe alikisikia kishindo hicho akiwa jikoni. Siku zote zilizobaki alioga maji ya ndoo, yaliyochemshwa kwenye jiko la mkaa.