Tumerudi Tanga, mimi nikapunguzwa kazi

Watu wakisikia umerudi kutoka mamtoni swali la kwanza ni umeme, la pili joto, la tatu "vipi lakini ulijipanga?", yaani wanataka kujua umerudi na hela au umerudi na mabegi. Hayo nawajibu juu juu tu, umeme ukikatika tuna taa za kuchaji, joto nimezaliwa nalo, na kujipanga tumejipanga kiasi chetu. Kilichonikuta mimi hakuna aliyenidokeza, hata wale washkaji waliotangulia kurudi. Nimefika nyumbani nikapunguzwa kazi. Sio ya mshahara, ile niliacha mwenyewe kwa barua. Kazi ya kulea wanangu.

Ngoja nieleze vizuri maana najua kuna watu watasema natafuta kiki, mwanaume mzima analilia pampasi.

Leeds, Uingereza, tulikuwa wenyewe tu, mimi na waifu na hawa watoto wawili, mkubwa saa hizi ana miaka 6 na kabinti kanakaribia miwili. Mi nafanya usiku kwenye nyumba ya wazee, waifu mchana ghalani, na tukisema tunabeba maboksi sio msemo, ni maboksi kweli. Kipindi mkubwa bado mchanga masaa ya bure ya nasari yalikuwa yanaanza mtoto akitimiza miaka 3, kabla ya hapo ni mfuko wako, na nasari ya wiki nzima ilikuwa inavuka paundi 1,000 kwa mwezi, sasa hapo mmoja wetu angekuwa anaamka alfajiri na theluji ili mshahara wake ukalipe watu wa kumshikia mtoto. Tukaona haina maana, tukawa tunapokezana. Mi naingia saa mbili asubuhi macho mekundu, yeye kashavaa koti, mtoto anahama mkono, mlango unafungwa. Akilala nalala, akiamka naamka.

Kwa hiyo sikujifunza kulea kwa sababu mi ni mwanaume wa kisasa sijui nini, nilijifunza kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Kupika uji, kuogesha, kukata kucha mtoto akiwa kalala, kufunga mabutu yasiyovuta, kujua kilio cha sikio na kilio cha usingizi ni vilio viwili tofauti. Hilo la mwisho najivunia hadi kesho.

Kabinti kalizaliwa Januari, baridi ile yenyewe. Bimkubwa, yaani mama yangu, aliomba viza aje kulea mzazi, ikakataliwa. Mkunga wa kule anakuja mpaka nyumbani siku za mwanzo, anapima, anauliza, anaandika, anaondoka, mtu mzuri tu ila habari za kukanda hana. Bimkubwa akasema haiwezekani mzazi akae bila kukandwa, akanipigia vidio koli. Simu nikaiegesha kwenye kioo cha bafuni, ndoo ya maji ya moto chini, taulo mkononi, waifu kajifunga kanga, na huko nyumbani Makorora mzee kafukuzwa chumbani ili bimkubwa abaki peke yake kaisogelea simu tunamuona paji la uso tu anaamrisha. "Kamua kwanza. Usipapase, kandamiza! Kiunoni hapo, we mtoto we, kiuno hukijui?" Waifu analia huku anacheka, kabinti nako kanalia chumbani, mkubwa anagonga mlango anataka kukojoa. Baada ya muda nikawa napima moto wa maji kwa kiwiko bila kuuliza mtu. Uji wa pilipili manga nilipika mwenyewe, pilipili manga maduka ya Wahindi kule hukosi. Arobaini ikaisha mzazi kanawiri. Likizo ya baba kisheria kule ni wiki 2 na malipo yake ni kiduchu, siku zilizobaki nilikuwa nakanda asubuhi nikitoka zamu.

Huku sheria ya kazi ya 2004 inampa mama siku 84, baba siku 3. Mdogo wangu anafanya kazi kiwandani hapa hapa mjini, kapata mtoto karibuni, nikamuuliza zile siku 3 ulizifanyia nini. Akasema ya kwanza hospitali, ya pili kupokea wageni, ya tatu alilala. Na mtoto wake ananawiri vizuri tu maana ndani mna bibi, mama mkwe alikuja, shangazi wawili na dada wa kazi. Hesabu yake iko sawa, siwezi kumlaumu.

Sasa sisi tumefikia kwenye nyumba hiyo hiyo. Asubuhi ya kwanza nimeamka kama kawaida yangu nimbadilishe mtoto pampasi, kitanda kitupu. Natoka uani, hayupo. Naingia jikoni, bimkubwa anakaanga maandazi hana habari.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Si nimekwambia yupo? Kanywe chai."

Kumbe yupo nyumba ya tatu mgongoni kwa mtu ambaye hata jina simjui, kafungwa mbeleko, kapakwa wanja hadi kwenye nyusi, kashika andazi. Hata kuniangalia hakuniangalia.

Nisiwadanganye, mwanzoni nilifurahi. Nililala usingizi ambao sijawahi kulala tangu mkubwa azaliwe. Na waifu ndo usiseme, mtu ambaye kule alikuwa anakula kasimama, huku anaenda saluni, anaenda harusini na sare, kajiunga kikoba, kanenepa, anacheka na watu uani mpaka saa nne usiku. Akiulizwa kama angependa kurudi Uingereza anauliza kurudi kufanya nini. Namuelewa kabisa.

Shida ilianza nilipotaka zamu yangu. Siku hiyo nimekaa karoni nafua vinguo vya kabinti, vichache tu, jirani anapita akamuuliza bimkubwa, sio mimi niliyekaa pale na povu mikononi, "Mkweo anaumwa?" Bimkubwa akasema haumwi. Jirani akasema "haaaya", ile ya kwetu Tanga inayovutwa mpaka kona. Jioni mtaa unajua nimelishwa limbwata. Dada yangu akaniita pembeni, "kaka, we unaona unamsaidia, ila watu hawasemi we ni baba mzuri, wanasema yeye ni mke mbovu."

Na hii ndo sehemu ambayo wale wa kampeni za wanaume saidieni wake zenu hawaigusi kabisa, wanapiga picha baba kabeba mtoto basi imeisha. Bili anapelekewa mwanamke. Kila kinguo ninachofua mimi anasemwa yeye, kila nikishika mwiko yeye ndo mvivu, yeye ndo kaenda kwa mganga. Usiku akaniambia mwenyewe taratibu, "baba watoto naomba uache, we ukimaliza unaenda zako kunywa kahawa, mi ndo nabaki nao humu ndani." Na ni kweli, mi naenda zangu barazani, napewa kahawa na kashata, wazee wananiuliza habari za ligi ya Uingereza na kwanini nimekonda, hakuna hata mmoja anayenisema.

Mkubwa yeye alikutana na mambo yake. Bibi yake anamwita mume wangu, kama mabibi wote, na kabinti anakaita mke mwenzangu, "mke mwenza huyu asinikaribie chakula changu". Mtoto katoka shule ya Leeds akalichukulia siriasi, akanivuta pembeni akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kama hiyo ndoa ishafungwa au bado. Saa hizi anajibu mapigo, "mke gani we hata chai hujanipa", bibi hoi kwa kicheko. Kiswahili alikuwa anakielewa ila anajibu Kiingereza, sasa hivi kinatoka chenyewe na lafudhi ya hapa hapa, nikimwambia aongee Kiingereza asisahau ananitazama tu. Shikamoo anamwaga hovyo, juzi kamuamkia dereva bajaji ambaye hata ndevu hajaota, kijana kapokea kabisa, "marahaba mwanangu". Na chakula cha mchana hatujui anakula wapi. Unamwita, anakuja na gololi mfukoni tumbo mbele, kashakula kwa watu, wali na dagaa, huyu huyu ambaye kule samaki akiwa na jicho kwenye sahani chakula kilikuwa kinaahirishwa.

Kazi moja niliivizia nikaipata, kliniki. Waifu kaenda harusini Muheza, tarehe ya kabinti imefika, nikasema haipiti. Nikambeba na kile kitabu chake chekundu cha Uingereza. Benchi zima ni wamama. Nesi akaniuliza "mama yake yuko wapi?" kwa sauti ile ya kuulizia msiba. Nikasema yupo, mzima wa afya, yuko harusini. Benchi likaangua kicheko. Mwanaume ukimsindikiza mkeo mjamzito unapokelewa vizuri sana na mnaitwa mwanzo, ila mwanaume na mtoto bila mama hakuna anayejua akuweke wapi. Nesi akakagua bega la kulia, hakuna kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, akaniangalia vibaya. Nikamwonyesha la kushoto, kule wanachoma kushoto. Surua alikuwa kapata ya mwaka mmoja na ya pili ratiba yake ya kule ilikuwa mpaka atimize miaka 3 na miezi 4, huku ya kwanza ni miezi 9 na ya pili mwaka na nusu, kwa hiyo akachomwa siku hiyo hiyo, kakalia kidogo kakanyamaza.

Mtihani ukawa mizani. Ile ya kuning'inia, na kila mama kaja na kimfuko chake cha kumtumbukiza mtoto, mi mtaalamu wa Leeds sina. Mama mmoja akaniazima cha kwake cha maua, tena akashika mguu wa kabinti akaupitisha kwenye tobo maana mi nilikuwa nauingiza mkono. Akaning'inia pale anazunguka taratibu ananitazama kwa hasira, sindano ya mizani inachezacheza, ikatulia kwenye 11 na nusu. Nukta ikaangukia kwenye kijani na mimi nikawa na raha ya kijinga, nikataka nimwonyeshe mtu kadi. Nafika nyumbani, bimkubwa: "Umempeleka mwenyewe? Na mimi nipo?" Kanuna mpaka magharibi.

Ila hapo nikaanza kuona mpaka umepita wapi. Ndani ni kwao. Nje ya mlango hawana neno na wewe. Ndo nikanunua baiskeli ya kumpeleka mkubwa shule, ya mtumba, chuma haswa. Tanga tambarare kila mtu anaendesha, wazee na kanzu zao, wamama na vikapu, kwa hiyo hata hushangazi mtu. Fundi kanitengenezea kiti kwenye keria, akaweka na vya kukanyagia miguu, afu pembeni kafunga wavu mguu usiingie kwenye spoku, hilo nililisisitiza mwenyewe maana kisigino changu cha kushoto kina alama mpaka leo. Wenzake skulibasi inawazoa giza bado, wengine wanapanda wamelala wanashuka wamelala, sisi tunaondoka jua limetoka. Tunatoka Makorora, tunakatiza Ngamiani kwenye barabara za namba anazisoma moja moja, tunavuka reli tunaingia upande wa mjini. Na njiani ndo ananiambia kila kitu, nani kampiga, nani kalia, mwalimu kasema nini, nyumbani hasemi maana kila akifungua mdomo kuna watu sita wa kumjibu. Hapa hakuna limbwata. Baba kumpeleka mwanae shule na baiskeli ni heshima, wazee wananipungia mkono. Chuoni, yaani madrasa, jioni nampeleka mimi, na timu yetu ya Coastal Union wakicheza uwanja wa Mkwakwani tunaenda wote, wanamkera wee ila anaimba.

Kabinti ndo bado sijapata njia yake. Ni kadogo afu ka kike, hako ni mali ya ndani. Tunachofanya ni mlango wa chumba ukishafungwa usiku nakachukua mimi, pampasi, mafuta, hadithi, yote, na waifu haingilii, na asubuhi kabla hakujapambazuka anakuja mtu kugonga kukachukua.

Sasa kuna jipya, waifu mjamzito. Bimkubwa kashapanga kila kitu bila kikao, yeye atakanda, dada atapika uji, mimi nitahamia chumba cha mdogo wangu arobaini yote. Nikasema mbele ya watu wote kwamba kukanda najua, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe, aseme kama nilifanya vibaya. Bimkubwa akasema hapana, ulifanya vizuri mwanangu, lakini ile ilikuwa dharura. Basi tukamgeukia mwenye kiuno chake achague. Akaangalia chini, akasema anamtaka mama, mikono yangu mizito, na kule alikuwa anavumilia tu kwa sababu hakukuwa na mwingine. Dada alicheka mpaka akatoka nje. Nimebakiziwa kutafuta kuni na kuchemsha maji, na hayo nimekubali. La kuhama chumba sijakubali, bado tunavutana.