Amenyoka, Sasa Anakwenda Wapi?

Somo la wiki: Luka 13:10–17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tukae na yule mama aliyepindana mgongo miaka 18. Muujiza wake tumehubiriwa sana: Yesu alimwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akanyoka pale pale. Tunasema Amina, tunafunga Biblia. Mimi kinachonishughulisha ni kesho yake. Kaamka asubuhi, mgongo umenyoka, siku nzima iko mbele yake. Anaanza na nini?

Nauliza kwa sababu miongoni mwetu wapo waliopungua uzito mwingi, kilo 40, kilo 50 na kuendelea. Kuna waliopitia upasuaji wa tumbo, kuna wanaochoma sindano za kila wiki, kuna waliobadili chakula na kutembea mpaka soli za viatu zikaisha. Na baadhi yao, wakishapungua, wanachokitamani kwanza si nguo mpya wala picha. Wanataka pikipiki. Au skuta. Nami nimo humo, kwa hiyo msije mkadhani nawasema watu.

Niseme mapema nisieleweke vibaya. Luka anasema udhaifu wa yule mama ulitokana na pepo. Mimi sisemi unene ni pepo. Mahubiri ya namna hiyo nimeyasikia, na yamewaumiza watu bure. Unene una mengi ndani yake: kurithi, homoni, dawa, huzuni, kazi ya kukaa kutwa, na ndiyo, mara nyingine mkono usiotosheka. Ninachokitazama kwa yule mama ni kimoja tu, mwili uliomfunga kwa muda mrefu kisha ukafunguliwa.

Asiyewahi kuwa mnene sana hazijui hesabu zinazopigwa kimyakimya. Unaingia chumbani, hujasalimia, tayari umeshakagua viti kujua kipi kitakubeba. Kwenye pikipiki hesabu hiyo imeandikwa kabisa. Kiwanda huweka uzito wa juu wa jumla, nao unaukuta kwenye kibandiko au kwenye kitabu cha maelekezo. Ukitoa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta, kinachobaki ndicho chako: mwili, nguo, helmeti, mzigo, na abiria kama yupo. Kwa pikipiki nyingi kinachobaki ni kama kilo 150 mpaka 200, na kuna skuta ndogo zisizofika hapo. Mtu wa kilo 160 akisoma kibandiko hicho hahitaji kuelezwa zaidi. Anafunga kitabu, anasema hayo ni mambo ya vijana.

Kisha inakuja siku anakisoma tena, anatosha, na nafasi inabaki.

Mgongo unaweza kunyoka kwa siku moja, lakini macho hayanyoki hivyo. Miaka 18 amekuwa akitazama vumbi na visigino vya watu. Alipokuwa akirudi nyumbani siku ile, alitazama wapi? Biblia haisemi, ila waliopungua wanaweza kukisia. Mwili umeondoka, akili bado inatembea na ule wa zamani. Unapita mlangoni kwa ubavu wakati mlango ni mpana. Ukienda kununua suruali, mkono unakwenda wenyewe kwenye saizi kubwa. Wanaowahudumia watu wa namna hii wanalijua hili vizuri: ile picha ya mwili iliyomo kichwani huchelewa kuufuata mwili wenyewe, na inaweza kuchelewa miezi mingi, hata miaka.

Nimeliona hilo kwenye pikipiki kwa macho yangu. Mwanafunzi amesimama upande wa kushoto, stendi iko chini, mikono miwili kwenye usukani, breki ya mbele ameikamata. Anatakiwa tu kuuvusha mguu wa kulia juu ya kiti. Hauendi. Anavuta pumzi, anarudi hatua, anakitazama kiti. Goti lenyewe halina neno. Watafiti waliopima watu wazima wanene wenye magoti mabovu, wakachapisha mwaka 2005, walikuta kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua, na huyu ameshusha nyingi. Kinachokataa ni kumbukumbu ya siku alipojaribu akashindwa mbele za watu. Halafu mguu unainuka, unapita, tena unapita juu mno, kwa sababu ameuinua kwa nguvu za kumbeba mtu ambaye hayupo tena. Alikaa pale juu akicheka peke yake, injini haijawashwa bado.

(Ambaye nyonga zake bado zinagoma asione haya kuanza na skuta. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege wa Italia aliyeibuni Vespa iliyotoka mwaka 1946, hakuzipenda pikipiki, na aliacha uwazi mbele ya kiti ili mtu apite na kukaa bila kurusha mguu.)

Baada ya mguu yanakuja macho. Walimu wa pikipiki wana kilio kimoja: tazama unakotaka kwenda! Mwanafunzi mpya hulitazama tairi la mbele, au lami mita moja mbele yake, na pikipiki inayumba mpaka anashusha mguu. Akilikazia macho shimo analoliogopa, pikipiki inalifuata shimo hilo hilo. Akiinua kidevu na kutazama kona inapoishia, mikono inafuata bila kuamriwa. Ndiyo maana mazoezi ya mwanzo huwa ya mwendo wa mtu anayetembea. Unaachia klachi kidogo kidogo mpaka inaanza kushika, unasikia pikipiki inataka kwenda, unaituliza kwa breki ya nyuma, macho juu. Ikizima unawasha tena. Macho yakishuka chini, mwalimu atapiga kelele hata akiwa ng'ambo ya uwanja.

Ndipo namkumbuka yule mama. Luka anasema hakuweza kujiinua kabisa, maana yake hata kuuona uso wa mtu kulimgharimu kuipinda shingo. Hatusomi popote kwamba aliomba kitu. Yesu ndiye aliyemwona kwanza, akamwita aje. Na aliponyoka, uso wa kwanza kukutana nao macho kwa macho baada ya miaka 18 huenda ulikuwa wa yule ambaye mikono yake ilikuwa bado juu yake. Mtu akiulizwa ajifunze kutazama wapi, sijui pa kuanzia pazuri kuliko hapo.

Halafu yupo mkuu wa sinagogi. Alikasirika, lakini hakumkabili Yesu, na mama hakumsemesha. Aliugeukia mkutano: siku za kazi ni sita, njoni siku hizo mponywe. Watu wa namna hii tunao hata leo. Umepona, vizuri, ila furaha yako ungeipanga siku nyingine, na kwa jambo la heshima zaidi. "Mungu kakuokoa na kisukari, sasa unakwenda kujiua na pikipiki?" "Mtu mzima na wajukuu wako, hata huoni aibu?"

Tuwatendee haki lakini. Sehemu ya maneno hayo ni upendo, na hofu yao ina msingi. Pikipiki haina mlango wala mkanda. Ukigongwa, mwili wako ndio unaopokea. Jibu la mwamini haliwezi kuwa "damu ya Yesu itanifunika" halafu akapanda kichwa wazi. Hiyo ni ile ya kinara cha hekalu, jitupe chini malaika watakudaka, na Yesu alishaijibu. Tafiti nyingi zilizopimwa kwa pamoja zimeonyesha helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Elimu hiyo ina msiba nyuma yake. Mwaka 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata umaarufu katika vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki nchini kwao bila kofia ngumu, akafa siku sita baadaye. Daktari Hugh Cairns alikuwa miongoni mwa waliomhudumia. Hakuliacha likapita. Alichunguza ajali za wapanda pikipiki, akachapisha matokeo yake mwaka 1941, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaagiza wapeleka ujumbe wake wa pikipiki wavae helmeti. Wengi wanaofika salama jioni hawajui kwamba wananufaika na huzuni ya daktari mmoja aliyekataa kuzoea vifo.

Kwa aliyepungua kuna mambo yake mahsusi, na nayaona kuwa sehemu ya ibada. Mashavu nayo hupungua. Helmeti iliyokubana mwaka juzi inaweza kucheza leo. Ivae, funga mkanda wake, tikisa kichwa: ngozi ya mashavu iende pamoja nayo, helmeti isizunguke peke yake. Koti la zamani usilivae kwa kubana matumizi, maana likiwa kubwa zile pedi za kiwiko huhama, na siku ya kuanguka zitakuwa zimekinga hewa. Baridi utaisikia kuliko zamani, kwa kuwa yale mafuta yalikuwa pia blanketi, na upepo wa barabarani hauna huruma. Springi ya nyuma kama inarekebishika, waambie fundi na mwalimu uzito wako wa sasa, siyo ule uliozoea kuutaja.

Kubwa kuliko yote, rudi kwa daktari. Aliyepungua sana akiendelea kumeza dawa za presha kwa kipimo kile kile anaweza kusimama ghafla akaona giza. Wa dawa za kisukari anaweza kushukiwa na sukari. Baadhi ya waliofanyiwa upasuaji wa tumbo hushuka sukari saa chache baada ya kula, na pombe kwao hupanda kichwani haraka mno. Kizunguzungu cha sebuleni kinakuketisha kwenye kochi. Barabarani hakuna kochi.

Turudi kwenye neno, kwa sababu Yesu alimjibu yule mkuu, na jibu lake lina vitu viwili ninavyovipenda. Kwanza alimwita yule mama wa uzao wa Ibrahimu. Uzao haukuanza siku aliponyoka. Alipoingia sinagogi amepindana, miaka yote ile, alikuwa wa uzao huo huo, na hata siku hiyo tunamkuta ibadani kabla ya kuponywa. Hakusubiri mgongo unyoke ndipo aje kumwabudu Mungu. Nalisema hili kwa aliyepungua akaanza kumwona yule wa zamani kuwa mtu wa kuonewa haya, anafuta picha, hataki kutajiwa. Yule wa zamani ndiye aliyeomba usiku. Ndiye aliyekwenda kwa daktari mara ya kwanza miguu ikitetemeka. Nalisema pia kwa aliye mnene leo na anasoma haya akiwa na uchungu, na kwa yule ambaye kilo zinaanza kurudi, jambo linalowapata wengi hata wakijitahidi. Kibandiko cha pikipiki kinajua chuma na tairi vinabeba nini. Hakina la kusema juu ya mtoto wa Ibrahimu.

Pili, Yesu alitoa mfano wa ng'ombe na punda: kila mmoja wenu humfungua siku ya sabato, akampeleka kunywa maji. Hakuishia kwenye kufungua kamba. Punda aliyefunguliwa akabaki amesimama zizini bado ana kiu. Kwa hiyo ninapomwona mtu aliyepungua anaogopa kuufurahia mwili wake, kana kwamba alipewa aupime kwenye mizani kila asubuhi na basi, natamani kumshika mkono. Nenda ukanywe. Kwa mwingine maji hayo ni kucheza na watoto chini sakafuni, kwa mwingine kupanda mlima. Kwako kama ni skuta na barabara tulivu asubuhi, mshukuru Mungu, vaa helmeti, nenda.

Luka anamalizia kwamba mkutano wote ulifurahi. Hapo ndipo kanisa linapoingia, na naona mara nyingi tunakosea swali. Mtu akija amepungua tunamuuliza, "Umeshuka kilo ngapi?" tena mbele za watu. Jumapili hii mkimwona ameshika helmeti mlangoni, muulizeni ni pikipiki gani, amejifunza kwa nani, na kona bado zinamsumbua au ameshazizoea. Mwenye koti zuri lisilomtosha tena ampe. Wazee wamwombee na chombo chake, kama tunavyoombea nyumba mpya.

Tuombe. Baba, twakushukuru kwa miili hii, ile uliyoifungua na ile inayosubiri. Wakumbuke wanaojifunza wiki hii, mguu ukigoma kuvuka kiti na klachi ikizima injini. Wape walimu wavumilivu. Wape madereva wa magari macho ya kuwaona. Walio na ndugu wanaowahofia, wape subira ya kusikilizana. Na wale ambao mwili bado umewafunga, uwaite kama ulivyomwita binti yako katika sinagogi. Kwa jina la Yesu. Amina.